Soma Ng'ambo, Tibu Popote

Wenzangu wa barazani pale msikitini Riruta, kila tukitoka kusali mnaniuliza kwa nini naburura miguu, na kama ni kweli nilionekana Ngong Road nimelazwa juu ya mkokoteni kama gunia la viazi. Ni kweli. Nimeona niandike mara moja, maana kila mmoja wenu hupenda kuongeza lake, na habari ikishapita midomo mitatu pale barazani hurudi kwangu nikiwa siijui.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Riruta mpaka River Road, na kutoka River Road mpaka Dagoretti. Najua mtacheka. Ninyi mliofika Makka na Dubai mtasema hiyo si safari, ni kwenda dukani. Jaribuni basi kwa miguu, mkiwa na miaka sabini na mitatu, siku ambayo matatu zote zimegoma, mkiongozana na mjukuu ambaye jibu lake linangojwa saa kumi jioni.

Mjukuu huyo ni Nuru, mtoto wa binti yangu Mwanaisha. Anataka udaktari tangu alipokuwa na meno ya utotoni. Alama zake za kidato cha nne ni nzuri, ila hazikutosha kumwingiza udaktari katika chuo cha serikali, kwa hiyo ikabaki nchi za watu, na ubishi ukawa nchi gani. Ninyi wenyewe mlichangia ubishi huo. Mmoja wenu alisema Uturuki kwa sababu kuna misikiti mizuri. Mwingine akasema India, kwa sababu ndiko alikotibiwa goti. Wa tatu akashikilia China, kwa sababu simu yake imetoka huko na haijaharibika. Hizo ndizo sababu za watu wenye mvi! Lakini sina haki ya kuwacheka sana. Yangu ilikuwa mbovu kuliko zote hizo, na mtaisikia.

Wakala mmoja wa River Road alikuwa amempa Nuru mpaka saa kumi ya siku ile aseme ndiyo, la sivyo nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Alitaka mtu mzima wa familia afike mwenyewe. Mwanaisha hakupata ruhusa kazini. Ikabaki mimi.

Riruta mpaka Dagoretti Corner

Tulitoka mara tu baada ya jua kuchomoza. Naivasha Road ilikuwa imejaa watu wa miguu, wote wanaelekea upande mmoja, makarani na mafundi na wasichana wa saluni walioshika viatu mkononi. Hakuna aliyekasirika. Watu wa Nairobi wakigomewa hufurahi kidogo, kwa sababu kila aliyechelewa ana sababu.

Kiburi changu kilinipeleka mpaka karibu na Dagoretti Corner bila kupumzika. Hapo goti la kushoto likakataa. Tukaketi kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai na viazi vitamu. Aliniangalia nilivyokuwa nahema, akamgeukia Nuru.

"Huyu mzee unampeleka hospitali?"

"Hapana, mama. Tunaenda mjini, mambo ya chuo."

"Chuo? Huyu?"

"Cha kwangu, mama. Nataka kusoma udaktari."

Yule mama akaniongezea chai bila kuulizwa. "Soma haraka," alimwambia Nuru. "Huyu hatangoja miaka sita."

Chai ilikuwa maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali. Nilikunywa vikombe viwili.

Ngong Road, juu ya mkokoteni

Mbele kidogo ya maduka ya Adams nikajikwaa. Sikuanguka, nilishika tu nguzo ya taa. Lakini jijini mzee akishika nguzo tayari ni mgonjwa. Kijana mmoja mwenye mkokoteni mtupu akasimama.

"Mzee amelemewa. Dada, niaje, mbona unamtembeza hivi? Panda mzee, panda."

Nikamwambia siumwi. Akasema wote husema hivyo. Nikamwambia naenda River Road. Akamwambia Nuru, "Ameanza kuchanganyikiwa pia," akaninyanyua kama kreti ya soda, akanilaza. Nuru alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Babu, nyamaza tu. Njia ni ile ile."

Nikanyamaza. Nawaambia ukweli, kulala chali Ngong Road ukitazama mawingu si jambo baya. Aibu huwapata wanaokutazama kuliko wewe. Yule kijana alikimbia akipiga kelele watu wapishe, na walipisha, hata magari makubwa ya watu wa Kilimani. Alitufikisha pasipo kubishana mpaka mlango wa majeruhi wa hospitali moja kubwa, akakataa kupokea hata asante, akaenda zake.

Kumbe ubaya wa kufikishwa hospitali ni kwamba hawakuachii. Mlinzi alileta kiti cha magurudumu. Muuguzi akaja na kitabu chake.

"Mzee, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote, binti yangu. Nina mjukuu."

Tulipoteza muda mrefu kumweleza. Wakati huo Nuru alikuwa ametulia kabisa, macho yake kwenye benchi la pili. Palikuwa na bibi wa makamo yangu, amekunja tumbo, na daktari kijana amechuchumaa mbele yake. Bibi alikuwa akieleza kwa lugha ya kwao, nadhani Kikamba, maelezo marefu yanayoanzia kwenye shamba na mbuzi. Daktari hakumkatiza. Alimjibu kwa lugha hiyo hiyo, akamgusa hapa, akamgusa pale, mpaka bibi akapiga kelele, na daktari akasema, "Haya, tumeipata."

Tulipotoka nje Nuru alisema, "Umeona, Babu? Alimngoja mpaka amalize mbuzi wote."

Niliona. Na ningekuwa mtu mwenye akili, safari yangu ingekwisha pale pale mlangoni. Lakini tukateremka kuelekea mjini.

River Road, ghorofa ya tatu

River Road naijua kuliko nyumba yangu. Nilikuja kutoka Mombasa nikiwa kijana, nikafanya kazi katika kiwanda kidogo cha chapa kwenye uchochoro wa huko miaka thelathini na mbili, kwanza nikipanga herufi, baadaye nikisoma prufu. Kadi za harusi, risiti, matangazo ya mazishi, vipeperushi vya kila mwongo aliyewahi kupanga chumba mtaa ule. Yote yalipita mikononi mwangu, na niliyasahihisha yawe na koma mahali pake.

Ofisi ya wakala iko juu ya duka la misumari na rangi. Ukipanda ngazi unanusa tapentaini. Ndani kuna meza nne, na kila meza ina bendera ndogo, kama kwamba mataifa yamekutana kujadili bei ya nyanya. Msichana wa mlangoni alituuliza, "Nyinyi ni Urusi ama China?"

"Sisi ni Riruta," nikamjibu. Hakucheka.

Tuliketishwa kungoja. Karibu nasi alikuwa baba mmoja na mwanawe wa kiume, wametoka Kakamega kabla ya mgomo. Nikamuuliza wamechagua wapi. Akasema bado, wanangoja kuona meza gani itakuwa na foleni fupi. Nikamdharau moyoni, kisha nikakumbuka mimi ni nani, nikaacha.

Wakala aliitwa Kelvin. Suruali imembana, viatu vinang'aa, na ana ule upole wa watu wanaokuuzia kitu ambacho hawatakuwepo kikiharibika.

"Mzee wangu! Karibu sana. Relax kabisa. Hii mambo ya nchi isikusumbue kichwa. Nchi zote ni sawa, tofauti ni baridi tu."

"Akimaliza atatibu wapi?" nikauliza. Najivunia kwamba niliuliza. Ni jambo moja tu nililofanya sawasawa siku ile nzima.

"Popote!" akasema. "Hiyo hata isikupee stress. Imeandikwa hapo chini."

Akasukuma kipeperushi mezani. Kina picha ya wasichana wanaocheka kando ya hadubini, jengo lenye nguzo, orodha ya nchi. Na chini kabisa, kwa herufi nyekundu: SOMA NG'AMBO, TIBU POPOTE.

Nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu niliyemzika zamani.

"Nani aliandika haya?" nikauliza.

"Hiyo ni slogan yetu, mzee. Tuliikuta kwa biashara. Inafanya kazi vizuri sana."

Nuru alikuwa ameweka kidole chake juu ya maneno yale yale. "Ndiyo sababu niliwachagua hawa, Babu," akasema. "Wengine wote hawasemi kitu juu ya kurudi."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nikasema nini? Nikasema wakati wa adhuhuri umefika, nataka kwenda kusali. Kelvin akatukumbusha saa kumi, kwa tabasamu, akasema atapiga simu. Nikateremka ngazi nikishika ukuta.

Chakula, na gari la nyama

Nilisali vibaya. Kisha tukaingia mkahawa mmoja unaojiita wa Kiswahili, tukaagiza pilau. Pilau ile ilikuwa wali uliotiwa rangi ya kahawia na kuambiwa ujitahidi. Hakuna bizari, hakuna mdalasini, nyama moja imejificha kama mdaiwa. Nilikula kwa hasira, na hasira ile haikuwa ya pilau.

"Babu, mbona kimya?"

"Pilau hii."

"Babu."

"Twende Dagoretti," nikasema. "Kwa mjomba wako Salim."

Nuru akaweka kijiko chini. "Mjomba? Si wewe ulituambia tusimuulize mambo ya kusoma? Ulisema alichezea masomo huko Urusi, akarudi mvivu."

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa twende."

Kwa miguu nisingefika hata Uhuru Park. Nje ya buchari moja karibu na mkahawa palikuwa na pikapu yenye sanduku jeupe, imeteremsha nyama na inarudi machinjioni. Dereva aliitwa Wafula, mtu wa Bungoma, mnene, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya.

"Mzee panda mbele. Dada atakaa katikati. Nyuma ni ya ng'ombe na hawapendi kubanana."

Barabara ilikuwa tupu kwa ajili ya mgomo. Alipouliza tunakwenda kwa nani, nikamwambia kwa Salim wa buchari ya kona, pale Dagoretti sokoni.

"Daktari!" akapiga usukani. "Daktari namjua! Huyo mtu hakati nyama kama sisi. Anapita kwa maungo, kisu hakigusi mfupa. Ukimwangalia utasema amesomea."

Nuru akanitazama. Mimi nikatazama dirishani mpaka Waithaka.

Dagoretti

Salim alikuwa kazini. Mnamwona siku za Idi, lakini hamjamwona akiwa pale, amevaa koti jeupe lililotapakaa damu, nyuma ya kigogo chake cha kukatia nyama. Mama mmoja mbele yetu alikuwa akimpigia kelele.

"Daktari, hii nusu kilo iko na mfupa mingi. Umenipea mgonjwa ama nyama?"

"Mfupa ni wa supu, mama. Nimekuandikia dawa."

Wote wakacheka. Yeye pia. Alipotuona akaacha kucheka, akafuta mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hajui nilivyokuja, hajui kwa nini. Sijawahi kuja kazini kwake tangu alipoanza. Naishi Riruta, yeye yuko Dagoretti, na kati yetu hakuna mto wala mlima. Nuru alimpa kipeperushi. Salim alikisoma kutoka juu. Alipofika chini akatoa pumzi ndefu puani.

"Bado wanayo."

"Unayajua, Mjomba?"

"Yalikuwa ukutani, ndani ya fremu, siku baba aliponipeleka."

Wenzangu, hapa ndipo pa kusikiliza, kama mlikuwa mnasinzia.

"Nuru," nikasema, "maneno hayo niliyaandika mimi."

Nikawaeleza wote wawili, mbele ya yule mama wa nusu kilo, ambaye hakuondoka ng'o. Wakala wa zamani alileta kipeperushi chake kiwandani, na kilipopangwa ikabaki nafasi ya vidole viwili chini ya ukurasa. Bosi wetu hakupenda nafasi tupu. Alikuwa akisema karatasi ikiwa na pengo mteja anapita hapo na kutoroka. Akaniambia, jaza. Nikajaza. Sikumuuliza daktari, sikuuliza ofisi yoyote, sikuuliza hata dereva wa teksi. Nilihesabu herufi, nikaona zinaenea, nikaenda kunywa chai.

Miaka miwili baadaye Salim akamaliza kidato cha nne, nikampeleka kwa wakala yule, na ukutani nikayaona maneno yangu yamewekwa kioo. Na nikayaamini! Huo ndio ugonjwa wetu sisi watu wa chapa. Nimeona uongo mwingi ukiingia kiwandani ukiwa na makosa na kutoka umenyooka, nikafika mahali pa kudhani kilichonyooka ni kweli. Salim alitaka kuuliza mengi siku ile. Nilimwambia, "Huwezi kusoma? Imeandikwa."

"Na mjomba wako hakuwa mvivu," nikamwambia Nuru. "Alimaliza. Shahada anayo. Uvivu niliutunga mimi, kama nilivyotunga hayo."

Yule mama akasema polepole, "Daktari, kumbe ni kweli?"

"Subiri kidogo, mama," Salim akamwambia. "Kuna mgonjwa hapa."

Sijui alimaanisha nani kati yetu. Akamgeukia Nuru, akazungumza naye kama mtu aliyeandaa maneno hayo miaka mingi na hakupata wa kumpa.

"Walimu wangu kule walikuwa wazuri. Hakuna aliyenidanganya kule. Nilidanganyika hapa hapa, kabla sijapanda ndege. Wodini nilijifunza kuwauliza vikongwe wa Kirusi wanaumwa wapi, na walinieleza, na niliwaelewa. Niliporudi nikaambiwa kuna mtihani kabla sijagusa mgonjwa wa hapa. Ni haki yao. Wakaniuliza juu ya mtoto mwenye homa kali kutoka kando ya ziwa. Ugonjwa niliujua kwa jina la kule. Mtoto wa namna hiyo sikuwahi kumwona. Nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena, lakini kidogo tu."

"Na mara ya tatu?"

Salim alinitazama mimi.

"Mara ya tatu nilimkataza mimi," nikasema. "Nilimwambia ameshanitia aibu ya kutosha barazani."

Barazani, wenzangu. Kwenu. Nilimzuia mwanangu asiwe daktari ili mimi nisiulizwe maswali na watu wanaochagua nchi kwa ajili ya goti.

Hapo simu ya Nuru ikalia. Ilikuwa bado kidogo saa kumi. Akaweka sauti juu, akailaza kwenye kaunta kando ya mizani.

"Nuru, sasa? Tumefikia wapi? Mzee amekubali?"

"Nina swali moja. Nikimaliza na kurudi Kenya, nitaanzia wapi kutibu?"

"Si nilishasema? Popote. Iko kwa karatasi."

"Hayo aliandika babu yangu, kujaza nafasi. Wewe unasemaje?"

Tulisikia msichana wake kwa mbali akimuuliza mtu kama yeye ni Urusi ama China. Kisha Kelvin akasema nafasi zinaisha, watu wengine wako tayari, ajibu ndiyo ama la.

"Basi la," Nuru akasema, akakata.

Nilidhani atalia. Badala yake akamuuliza Salim, "Mjomba, mara ya tatu bado ipo?"

"Sijui. Sijauliza tangu siku ile."

"Basi Jumatatu tufuatane kwenye ofisi ya bodi ya madaktari. Mimi nitauliza shule za wapi wanazikubali, na mtu akirudi anapitia nini. Wewe uulize la kwako."

Salim alishika kisu, akakiweka. "Jumatatu buchari hufungua mapema."

"Nitakungoja mlangoni mpaka ufunge."

"Mwende!" akasema yule mama. "Na mimi nitakuja Jumanne, uniwekee bila mfupa."

Nyumbani

Salim alitusindikiza mpaka Riruta, polepole kwa ajili ya goti langu. Njiani aliniuliza linauma upande gani. Nikamwonyesha. Alipiga magoti kando ya barabara, na koti lake lile lile, akalibonyeza pole pole mpaka nikapiga kelele, akaniambia ni nini na nifanye nini. Ndiyo maana mnaniona nimefunga kitambaa gotini.

Mnaniuliza basi Nuru amechagua nchi gani. Hajachagua. Jumatatu haijafika. Mkitaka kumsaidia, msimtajie nchi. Mkae na midomo yenu, na mimi nitakaa na wangu.

Jioni ile nilitoa kalamu nyekundu ya zamani, nikaweka kipeperushi mezani. Nilikata mstari wa chini, nikatia pembeni alama ya kufuta, kama tulivyokuwa tukifanya kiwandani. Nuru alikuwa akinitazama.

"Sasa utaandika nini hapo, Babu? Imebaki nafasi."

Nilishika kalamu muda mrefu. Nafasi ilikuwa ya vidole viwili, kama zamani. Nikaiacha wazi.